Laini mbili za intaneti: Je, ukiziunganisha utapata kasi maradufu?

Na Mwandishi Wetu, Kitengo cha Mawasiliano

Mkazi ana intaneti ya faiba ya megabiti 10 nyumbani. Anaona haimtoshi, ananunua modemu ya laini ya simu ambayo nayo inampa megabiti 10. Anaziwasha zote mbili kwa pamoja akitarajia kupata 20. Anapima kasi na kukuta ni zile zile 10. Je, ametapeliwa?

Hapana, hajatapeliwa. Hata hivyo, huenda akaendelea kulipia kila mwezi kitu kisichomsaidia, kwa sababu hakuna aliyemweleza jinsi laini mbili zinavyofanya kazi. Swali hili tunaulizwa mara kwa mara na wenye saiba, walimu na vijana wanaojipatia riziki mtandaoni. Katika toleo hili tunalijibu kwa ukamilifu.

Jambo lenyewe si la wapenda mitambo pekee. Pasipoti na cheti cha mwenendo mwema huombwa kupitia eCitizen. Ushuru hulipwa kwenye iTax. Mwanafunzi huchagua kozi kupitia mtandao wa KUCCPS na kuomba mkopo wa HELB mtandaoni. Kujisajili na SHA pia kunaweza kufanywa mtandaoni. Mengi ya maombi haya yana siku ya mwisho, na siku hiyo ndipo kila mtu huingia kwa pamoja. Intaneti ikikwama saa tano usiku, kijana anaweza kupoteza nafasi aliyoisubiri mwaka mzima.

JIBU KWA UFUPI

Laini mbili za intaneti zinaweza kufanya kazi pamoja kwa njia tatu, na kila njia hutibu tatizo lake.

Njia ya kwanza ni laini ya akiba. Laini moja inafanya kazi, nyingine inasubiri. Ya kwanza ikikatika, ya pili inachukua nafasi. Njia hii haiongezi kasi hata kidogo, lakini inapunguza muda wa kukaa bila mtandao.

Njia ya pili ni kugawana mzigo. Watu wengi wakitumia intaneti kwa wakati mmoja, wengine hupitishwa laini hii na wengine ile. Kila mtu anapata nafasi zaidi, lakini kazi moja ya mtu mmoja haiendi haraka kuliko laini iliyoibeba.

Njia ya tatu ni kuunganisha kamili. Hapa kazi moja hukatwa vipande, vipande vikapita laini zote mbili kwa pamoja, kisha vikaunganishwa tena mbele ya safari. Hii ndiyo njia pekee inayoongeza kasi ya kila aina ya kazi, na ndiyo yenye gharama na usumbufu zaidi.

Watu wengi hununua vifaa vya njia ya pili wakitarajia matokeo ya njia ya tatu. Hapo ndipo pesa hupotea.

SOMO LA UWANJANI

Mimi mwenyewe niliwahi kuanguka katika mtego huu. Kabla sijaajiriwa na kaunti nilikuwa ripota wa kituo kimoja cha redio, na siku moja nilitumwa kurusha fainali ya kandanda moja kwa moja kwenye ukurasa wa kituo. Nilichomeka modemu mbili za kampuni mbili tofauti kwenye kompyuta yangu. Taa za zote mbili zikawaka, nikaridhika kwamba nina nguvu mara mbili.

Kumbe kompyuta ilikuwa ikitumia moja tu. Mashabiki walipojaa uwanjani na kila mmoja kutoa simu yake, mnara uliokuwa ukihudumia modemu ile ulilemewa na picha zikaanza kukwama. Hatimaye laini ikakatika. Kompyuta ilihamia modemu ya pili, lakini matangazo hayakuhama nayo, ikabidi niyaanzishe upya. Kufikia hapo penalti ilikuwa imeshapigwa na watazamaji wangu hawakuiona.

Pembeni yangu alikuwa mpiga picha wa runinga mwenye mkoba mgongoni, na ndani yake mlikuwa na kifaa chenye laini kadhaa za simu. Picha zake hazikukatika. Vifaa vya aina hiyo, kama vile vya LiveU, hutumiwa na wanahabari wa runinga duniani kote. Nilimuuliza kwa nini modemu zake zinasaidiana na zangu hazisaidiani. Akanijibu kwamba siri haimo mkobani peke yake. Kule studio kuna mtambo wa pili unaopokea vipande kutoka kila laini na kuvipanga upya. Mimi nilikuwa na upande mmoja tu.

KWA NINI MOJA NA MOJA HAIWI MBILI

Chochote unachotuma au kupokea mtandaoni, iwe picha, barua pepe au video, hukatwakatwa kuwa pakiti ndogo ndogo. Kila pakiti hubeba anwani ya inakotoka na anwani ya inakokwenda, mfano wa barua ya posta. Kila laini ya intaneti ina anwani yake. Faiba yako ina yake, na modemu yako ina yake.

Unapofungua tovuti na kuanza kupakua faili, tovuti hiyo inakutambua kwa anwani uliyoanza nayo. Pakiti za faili hilo hilo zikianza kuombwa kutoka anwani ya pili, tovuti inaona ni mtu mwingine kabisa na kuzikataa. Ndiyo maana kazi ikianza na laini moja humalizikia kwenye laini hiyo.

Nayo kompyuta, ikiwa na laini mbili, haizichanganyi. Huzipa alama na kuichagua iliyo mbele kwenye orodha yake, na kwa kawaida waya huitangulia Wi-Fi. Simu yako hufanya hivyo pia: ikiunganishwa kwa Wi-Fi, data ya laini hupumzika. Simu nyingi zina mpangilio wa kuhamia data Wi-Fi inapodhoofika, ila huko ni kuhama tu, kasi haijumlishwi. Na ukiuacha mpangilio huo wazi, bando lako linaweza kuisha bila wewe kujua.

Tuchukue mfano wa barabara. Ukiwa na barabara mbili kutoka Malindi kwenda Mombasa, matatu 50 zitagawanyika na msongamano utapungua. Lakini matatu moja haiwezi kupita barabara mbili kwa wakati mmoja. Barabara ya pili imeusaidia msafara, haikulisaidia gari moja kwenda mbio zaidi.

Sasa tuhesabu. Kasi ya intaneti hutangazwa kwa megabiti kwa sekunde, zile unazoona zimeandikwa Mbps kwenye mabango. Ukubwa wa faili nao hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Faili la megabaiti 750 basi ni megabiti 6,000. Kwa laini ya megabiti 10 litachukua sekunde 600, yaani dakika 10. Ukiongeza laini ya pili ya megabiti 10 kwa njia ya kugawana mzigo, faili hilo bado litachukua dakika 10. Kwa kuunganisha kamili lingekaribia dakika 5. Hata hivyo, jirani yako anayepakua faili la ukubwa huo wakati huo huo atapitishwa laini ya pili, naye amalize kwa dakika 10 zake badala ya nyote wawili kukaa dakika 20.

Hapo ndipo faida ya laini ya pili ilipo: katika wingi wa watumiaji.

NJIA YA KWANZA: LAINI YA AKIBA

Kwa nyumba nyingi na biashara ndogo, hii ndiyo njia inayofaa zaidi, na ndiyo nafuu. Unabaki na faiba yako kama laini kuu. Laini ya simu unaiweka akiba na kuiwekea bando pale tu inapohitajika. Unaweza kuhama kwa mkono, kwa kuwasha hotspoti ya simu. Unaweza pia kununua ruta yenye nafasi ya laini ya simu, ambayo huhama yenyewe faiba ikikatika.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, ruta hutumia muda kidogo kugundua kwamba laini kuu imekufa. Wakati huo simu ya video itakatika na itabidi uipige tena. Pili, ruta nyingine huangalia tu kama waya umechomekwa. Waya unaweza kuwa umechomekwa vizuri na taa zinawaka ilhali hakuna intaneti inayopita. Mwambie fundi aipange ruta ijaribu kufikia anwani fulani nje, si kuangalia waya peke yake.

NJIA YA PILI: KUGAWANA MZIGO

Hii inahitaji ruta yenye milango miwili au zaidi ya kuingiza intaneti. Mafundi wengi nchini wanazifahamu ruta za MikroTik, na kampuni kama TP-Link pia hutengeneza za aina hii. Jarida hili halipendekezi kampuni yoyote. Tunataja majina ili ujue cha kuuliza dukani. Ruta ya kawaida unayopewa na kampuni ya intaneti mara nyingi ina mlango mmoja tu wa kuingizia.

Njia hii inafaa saiba, shule, hoteli ndogo, zahanati na ofisi. Tuseme una saiba Mariakani yenye kompyuta 8 na laini ya megabiti 10. Siku ambayo kompyuta zote zinafanya kazi, kila moja hupata wastani wa megabiti 1.25. Ukiongeza laini ya pili ya megabiti 10, wastani unapanda hadi 2.5. Kurasa zitafunguka bila kusuasua na foleni itapungua. Laini moja ikikatika, biashara inaendelea kwa mwendo wa nusu badala ya kufunga mlango.

Lakini kuna makosa matatu yanayofanyika sana.

La kwanza ni kugawanya nusu kwa nusu wakati laini hazilingani. Kama moja ni megabiti 30 na nyingine 10, ruta ipangwe kugawa tatu kwa moja. La sivyo laini dogo litalemewa huku kubwa likiwa na nafasi tele.

La pili ni wateja kutolewa kwenye akaunti zao. Benki na tovuti nyingine zenye ulinzi mkali hufuatilia anwani uliyoingia nayo. Ruta ikirusha ombi lako moja kwa laini ya kwanza na la pili kwa laini nyingine, tovuti inaweza kudhani kuna mtu amekuibia akaunti, ikakutoa na kukutaka uingie upya. Mteja aliyekuwa ukurasa wa mwisho wa fomu anarudi mwanzo. Tiba ipo: fundi aipange ruta ili kila kompyuta ibaki kwenye laini moja kwa muda wote wa kazi. Usikubali kumlipa kabla hajakuonyesha kwamba hilo limefanyika.

La tatu ni kudanganywa na kipimo cha kasi. Vipimo vingi vya mtandaoni hufungua mikondo kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo ruta inaweza kuigawa mikondo hiyo kwenye laini zote mbili na kipimo kikasoma 20. Fundi anakuonyesha nambari, unafurahi na kulipa. Kesho yake unapakia video moja na kukuta inakwenda kwa kasi ile ile ya zamani. Nambari haikuwa ya uongo, ila haikupima kazi yako. Kuna programu za kupakua faili ambazo nazo hufungua mikondo mingi, na hizo zinaweza kufaidi laini mbili. Kupakia video moja au kuzungumza kwa simu ya video ni mkondo mmoja, na mkondo mmoja hupita laini moja.

NJIA YA TATU: KUUNGANISHA KAMILI

Turudi kwenye mfano wa mzigo. Una magunia 100 ya nazi ya kupeleka kwa mnunuzi mmoja, naye anayataka kwa mpangilio, la kwanza hadi la mia. Unayaandika nambari, unayapakia kwenye malori mawili yanayopita barabara mbili. Mpango huo utafaulu ikiwa tu kuna mtu wako kule mwisho anayeyapokea, kuyapanga kwa nambari na kumkabidhi mnunuzi kama mzigo mmoja. Bila mtu huyo, mnunuzi ataona malori mawili ya watu wawili asiowafahamu.

Mtu huyo katika intaneti ni seva. Kompyuta au ruta yako hukata kazi vipande, seva iliyo mahali fulani mtandaoni huviunganisha, na tovuti unayoitembelea huiona anwani moja tu, ya seva.

Wazo hili si geni. Enzi za simu za ISDN, laini moja ilikuwa na mikondo miwili ya kilobiti 64, na katika miaka ya 1990 ilikuwa kawaida kuiunganisha ili kupata 128. Hilo liliwezekana kwa sababu mikondo yote ilifika kwa kampuni moja, na kampuni hiyo ndiyo iliyoifunga pamoja. Mwaka 2013, wataalamu walichapisha utaratibu unaoitwa Multipath TCP, unaoruhusu kazi moja kupita njia kadhaa. Mwaka huo huo Apple iliutumia katika Siri kwenye simu zake, ili mazungumzo yasikatike mtu anapotoka kwenye Wi-Fi na kuingia kwenye data. Mwaka 2015, kampuni ya KT ya Korea Kusini iliutumia kuunganisha Wi-Fi na mtandao wa 4G kwa wateja wake. Tangu 2020 utaratibu huo umo ndani ya mfumo wa Linux.

Kwa mtu binafsi kuna njia mbili za kuupata. Moja ni kulipia programu kama Speedify, ambayo huunganisha Wi-Fi na data ya simu kwa kupitia seva zake. Nyingine ni kutumia programu ya bure ya OpenMPTCProuter pamoja na seva unayoikodisha mwenyewe. Hii ya pili inahitaji ujuzi wa kompyuta.

Kabla hujashawishika, fahamu yafuatayo:

Hutapata jumla kamili. Kazi ya kukata, kuandika nambari na kupanga upya hula sehemu ya kasi yenyewe.

Laini ya polepole huichelewesha ya haraka. Pakiti namba 5 ikichelewa kwenye modemu dhaifu, pakiti namba 6 hadi 20 zilizokwisha kufika kwa faiba hukaa zikiingoja. Laini mbili zinazokaribiana kwa kasi huungana vizuri. Faiba na modemu inayosuasua zinaweza kukupa matokeo mabaya kuliko faiba peke yake.

Mahali ilipo seva pana maana. Kama seva iko Ulaya na tovuti unayoitaka iko Nairobi, pakiti zako zitavuka bahari kwenda na kurudi kwa safari ambayo ingeishia hapa nchini.

Mabando yote mawili yanaliwa. Kila laini inatozwa kwa sehemu iliyobeba.

Mwenye seva anabeba mawasiliano yako yote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki juu ya taarifa zako, lakini ulinzi wa kwanza ni wewe mwenyewe kuchagua kwa makini unayempa. Jihadhari na programu za bure zisizoeleza zinapata wapi pesa za kuendeshea seva.

Kwa ufupi, njia hii inamfaa anayerusha matangazo ya moja kwa moja, anayepakia video kubwa kila siku, au ofisi ambayo mkutano wake wa mtandaoni haupaswi kukatika kabisa. Kwa mzazi anayejaza fomu na mwanafunzi anayesoma, ni gharama isiyo na lazima.

NJIA MBILI, AU NJIA MOJA YENYE MAJINA MAWILI?

Iwe umechagua njia gani kati ya hizo, jiulize: je, laini zako mbili ni mbili kweli? Unaweza kulipa kampuni mbili tofauti kumbe zote zinapita mahali pamoja.

Anza na nguzo. Nyaya za faiba za kampuni mbili zinaweza kuwa zimetundikwa kwenye nguzo zile zile mtaani kwenu. Lori likigonga nguzo moja, laini zote zimekwenda. Fuata minara. Mkazi wa Mtwapa aliye kando ya barabara kuu anaweza kuwa na minara kadhaa karibu naye, lakini aliye ndani Ganze au Magarini huenda simu zake zote zinategemea mnara mmoja, hata kama ana laini za kampuni mbili, kwa kuwa kampuni huweza kukodisha nafasi kwenye mnara mmoja.

Kisha kuna bahari. Intaneti nyingi ya Kenya huingia kwa nyaya za chini ya bahari zinazotua Mombasa: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010, na nyingine zilizofuata. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika katika bahari ya kusini mwa Afrika, na intaneti ikapungua kasi Kenya, Tanzania na nchi nyingine za kanda hii. TEAMS yenyewe inaelekea Fujairah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, upande mwingine kabisa. Kwa hiyo siku kama hiyo, kampuni zenye njia zaidi ya moja ya kutoka nje zina nafuu. Ni halali yako kama mteja kuuliza kampuni yako ina njia ngapi.

Mwisho ni umeme, ambao wengi huusahau. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima. Mtu mwenye laini tatu lakini asiye na betri hakuwa na hata moja. Ruta hutumia umeme kidogo, na betri ndogo ya ruta inaweza kuiendesha kwa saa kadhaa. Kwa wakazi wengi, betri hiyo inaweza kuwa na faida kuliko laini ya pili.

Kwa kanuni ya jumla, changanya aina. Faiba na laini ya simu ni mchanganyiko bora kuliko faiba mbili za mtaa mmoja. Mahali pasipo na faiba wala mnara wa kutegemewa, setilaiti ni njia nyingine. Starlink ilianza kutoa huduma Kenya Julai 2023. Setilaiti haihitaji nguzo wala mnara wa jirani, lakini inahitaji anga iliyo wazi bila miti juu ya dishi, pamoja na umeme wako mwenyewe.

KABLA HUJALIPIA LAINI YA PILI

Mara nyingi tatizo si laini. Fanya hivi kwanza.

1. Pima kwa waya. Chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye ruta na upime kasi asubuhi, mchana na usiku, kwa siku tatu. Andika matokeo. Kama kwa waya unapata kasi unayoilipia lakini kwa Wi-Fi huipati, laini ya pili haitakusaidia.

2. Hamisha ruta. Ruta iliyofichwa nyuma ya runinga au katika chumba cha mwisho hupambana na kuta. Iweke juu, katikati ya nyumba. Ikiwa ina mawimbi ya 5GHz, yatumie ukiwa karibu nayo, na 2.4GHz ukiwa mbali.

3. Angalia anayekula intaneti. Simu zinazojipakia picha zenyewe, kompyuta zinazojisasisha na jirani aliyepewa nywila mwaka jana wanaweza kuwa ndio chanzo. Badilisha nywila.

4. Uliza kasi ya kupakia. Vifurushi vingine hutoa kasi kubwa ya kupakua na ndogo ya kupakia. Kama kazi yako ni kutuma video au kufundisha mtandaoni, hiyo ya pili ndiyo inayokuhusu.

5. Uliza kikomo. Baadhi ya huduma zinazoitwa zisizo na kikomo hupunguzwa kasi baada ya kiasi fulani cha matumizi. Soma masharti.

6. Linganisha bei. Kupandisha kifurushi ulicho nacho kutoka megabiti 10 hadi 20 kunaweza kugharimu pungufu ya laini ya pili pamoja na ruta mpya. Tena kasi hiyo itakuwa ya kweli kwa kila kazi, bila seva wala fundi.

7. Lalamika. Kama hupati unachokilipia, andikia kampuni yako ukiambatisha vipimo vyako vya siku tatu. Usiporidhika na majibu, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Haki hiyo imo katika Kanuni za Kulinda Watumiaji wa Mawasiliano za 2010.

Neno moja kwa wanaofikiria kuunganisha laini kadhaa ili wawauzie majirani Wi-Fi: hiyo ni biashara ya mawasiliano, na inahitaji leseni ya Mamlaka hiyo, mbali na kibali cha biashara cha kaunti. Soma pia mkataba wako, kwa kuwa vifurushi vingi vya nyumbani haviruhusu kuuzwa tena.

JARIBIO LA MWISHO

Ukishaweka laini ya pili, usingoje siku ya dharura ndipo ujue kama inafanya kazi. Chagua jioni moja isiyo na shughuli. Anza kupakua faili, fungua ukurasa wa tovuti unayoitumia zaidi, kisha chomoa laini kuu kwa mkono wako. Hesabu sekunde hadi mtandao urudi, na uone kama umetolewa kwenye akaunti. Irudishe, uchomoe ya pili. Mwisho zima swichi ya umeme na uone ni nini kinachobaki hai.

Rudia jaribio hilo wiki moja kabla ya siku ya mwisho ya maombi yoyote muhimu. Na hata laini zote zikifaulu, tuma maombi yako siku hiyo hiyo ya jaribio. Hakuna ruta inayoweza kukurudishia siku ambayo dirisha la maombi limefungwa.